Miaka 150 ya Fortescue, mtu aliyefumbua siri ya mota kuungua

Mwaka huu inatimia miaka 150 tangu azaliwe Charles LeGeyt Fortescue, mhandisi aliyeeleza kwa hesabu kwa nini mota ya umeme wa njia tatu huungua hata pale ambapo haijabebeshwa mzigo mkubwa. Kumbukumbu hii inapita kimya. Miongoni mwa mafundi umeme niliozungumza nao wakati wa kuandaa makala haya, waliowahi kulisikia jina hilo ni wachache, na hao wachache walilikuta darasani, kwenye somo la hesabu ngumu lililofundishwa bila kutajwa mota hata moja. Ni hasara kubwa. Kazi ya Fortescue ilianzia kwenye mota, na mota ndizo zinazosaga unga wetu, zinazovuta maji ya visima vyetu na kupasua mbao zetu. Zinaendelea kuungua kwa ugonjwa uliochunguzwa na kuelezwa zaidi ya karne moja iliyopita.

Anayetaka kuuona ugonjwa wenyewe aende Gerezani, Dar es Salaam, kwenye karakana za wanaosuka mota. Fundi mmoja aliyezeekea kazi hiyo alinifungulia mota ya mashine ya kusaga iliyoletwa kutoka mkoani. Alitoa kifuniko cha nyuma, akavuta rota, akaiinamisha stata kwenye mwanga wa mlangoni. Koili zilikuwa zimepangika mduara mzima kwa zamu: fungu jeusi, fungu jeusi, fungu safi, jeusi, jeusi, safi. Kwenye mafungu meusi uzi wa kufungia ulikuwa umekuwa majivu, na ukiugusa waya, vanishi inabaki kidoleni kama masizi. Kwenye mafungu safi waya ulikuwa bado unang'aa rangi ya asali, kana kwamba umetoka dukani jana.

Fundi husoma kuungua huko kama daktari anavyosoma picha ya kifua. Mota hii, alisema, ilifungwa kwa mtindo wa nyota na ilipoteza fezi moja, yaani njia moja kati ya zile tatu: koili za fezi mbili zilizobaki zikafanya kazi ya tatu mpaka zikaungua, za fezi iliyokatika zikapumzika. Ingekuwa imefungwa kwa mtindo wa pembetatu, mambo yangegeuka: fungu moja jeusi, mawili safi. Mota iliyoungua kwa mzigo haina milia ya namna hiyo. Hiyo huwa nyeusi kote, sawasawa. Wenye mashine hufika na maelezo yao tayari. Mota ilikuwa feki, mahindi yalikuwa mabichi, kijana alijaza kupita kiasi. Kisha mota inafunguliwa na milia inaonekana, na kosa halikuwa la mahindi wala la kijana. Lilikuwa kwenye nguzo.

Umeme wa njia tatu una wazazi wengi, na ubishi wa nani alitangulia haujaisha mpaka leo. Galileo Ferraris wa Turin, Italia, na Nikola Tesla aliyekuwa Marekani walitangaza sumaku inayozunguka bila kitu kuzungushwa mwaka uleule wa 1888. Mwaka uliofuata, Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyefukuzwa chuo kule Riga kwa sababu za kisiasa na kuja kuajiriwa na kampuni ya AEG ya Berlin, aliunda mota ya njia tatu yenye rota ya fito, mama wa mota zote zinazopita Gerezani. Agosti 25, 1891, umeme uliozalishwa na maji ya mto Neckar huko Lauffen ulisafiri kilomita 175 hadi kwenye maonyesho ya umeme ya Frankfurt. Uliwasha taa zipatazo 1,000 na kuzungusha mota ya nguvu ya farasi 100 iliyopandisha maji ya poromoko la kutengenezwa. Umati ulishangilia poromoko. Wahandisi walichokiona ni mota ambayo mtu yeyote angeweza kuiendesha kwa kufunga swichi.

Wepesi huo ndio uliozaa uzembe. Mashine inayowaka kwa swichi tu hufungwa kwa swichi tu. Ulinzi wa mwanzo ulioazimwa ulikuwa fyuzi, ambayo Thomas Edison aliichukulia hataza mwaka 1880 kwa ajili ya taa. Kwa taa, fyuzi inatosha kabisa: ikikatika, taa inazimika na mambo yanaishia hapo. Mota ya njia tatu haina tabia hiyo. Inalishwa na nyaya tatu, kila waya na fyuzi yake, na zikishtuka, mara nyingi inayokatika ni moja.

Hapo ndipo msiba unapoanza, na nawasihi wenye mashine wapasome polepole. Chukua mota ya kilowati 7.5, inayokula ampea kama 15 kwa kila waya kwenye volti 400. Fyuzi moja ikatike wakati mota inazunguka. Mota haisimami. Sauti yake inabadilika, inakuwa nzito na ya kukoroma, lakini mkanda unaendelea kuzunguka na unga unaendelea kutoka. Ili kubeba mzigo uleule, nyaya mbili zilizobaki zinapanda kutoka ampea 15 hadi karibu 26. Joto la waya halipandi kwa kiwango cha ampea, linapanda kwa mraba wake, kwa hiyo kwenye koili zinazolishwa na nyaya hizo joto linalozalishwa ni mara tatu. Na kama mwendesha mashine akiizima ili asikilize kuna nini, kisha akaiwasha tena, mota haitazunguka. Itanguruma palepale ilipo, ikivuta ampea nyingi mara kadhaa kuliko za kawaida, mpaka moshi utoke. Kifaa kilichowekwa kuilinda ndicho kilichoiua.

Dawa iliyofuata ilikuwa ovalodi ya joto. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizoshikamanishwa, ambacho hupinda kikipata moto kwa sababu metali hizo hazitanuki sawa. Ubunifu huo ni wa zamani. John Harrison, mtengeneza saa wa Uingereza, aliutumia katika karne ya 18 kwenye saa za mabaharia. Mwaka 1924, katika kampuni ya Hugo Stotz huko Mannheim, Ujerumani, metali mbili zilitiwa pamoja na sumaku ndani ya swichi ndogo ya kujikata, chanzo cha zile tunazofunga leo kwenye maboksi ya majumbani. Kwenye mota, ovalodi ilikaa chini ya kontakta, swichi inayofungwa kwa sumaku, ikipata joto sambamba na koili, na ikizidiwa inakata. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini ovalodi huona ampea tu. Haielewi kwa nini zimepanda, na kwa miongo mingi hata waliokuwa wakiifunga hawakuelewa vizuri.

Fortescue alielewa, na njia aliyoipitia kufika huko inastahili kusimuliwa kwa nafasi yake.

Alizaliwa mwaka 1876 York Factory, kituo cha biashara ya manyoya ya wanyama kwenye mwambao wa Ghuba ya Hudson, Kanada, ambako baba yake alikuwa ofisa wa Hudson's Bay Company. Ni mahali ambapo mto Hayes unaingia baharini, pa baridi kali, ambapo meli za bidhaa zilifika kiangazi tu, barafu inapoachia. Mtoto wa mahali hapo, mbali kiasi hicho na taa yoyote ya umeme, alikuja kuwa miongoni mwa wahitimu wa kwanza wa uhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kingston, mwaka 1898. Akavuka mpaka kwenda Marekani, akajiunga na kampuni ya Westinghouse karibu na Pittsburgh, na huko ndiko alikofanyia kazi hadi alipofariki mwaka 1936.

Mwishoni mwa 1913, kama anavyoeleza mwenyewe mwanzoni mwa karatasi yake ya mwaka 1918, ilimlazimu kuchunguza kwa hesabu jinsi mota inavyofanya kazi pale umeme unaoilisha unapokosa uwiano, yaani njia tatu zisipolingana. Zilikuwa zama za kutia umeme kwenye reli. Westinghouse ilikuwa ikishughulika na vichwa vya treni vya Norfolk and Western, vilivyoanza mwaka 1915 kuvuta makaa ya mawe kwenye milima ya West Virginia. Juu ya reli ulipita waya wa njia moja. Ndani ya kichwa cha treni mlikuwa na mashine ya kuugeuza umeme huo kuwa wa njia tatu, ndipo mota zikautumia. Umeme wa kugeuzwa namna hiyo ni vigumu kuulinganisha kwenye njia zote tatu kila mzigo unapobadilika. Mwenye mashine ya kusaga anayepokea volti tatu tofauti kutoka nguzo moja ana tatizo la familia hiyohiyo.

Kabla yake, mhandisi aliyetaka kuhesabu mota yenye volti zisizolingana alizama kwenye milinganyo isiyokwisha. Fortescue aligundua kwamba umeme wowote wa njia tatu uliopotoka unaweza kuvunjwa katika seti tatu zilizonyooka. Seti ya kwanza ina njia tatu sawa, zinazofuatana kwa mpangilio wa kawaida. Ya pili nayo ina njia tatu sawa, ila zinafuatana kinyumenyume. Ya tatu, njia zake zote hupanda na kushuka pamoja. Ukizijumlisha, unapata upotovu uleule ulioanza nao. Ukizitenganisha, kila moja unaihesabu peke yake kwa urahisi.

Sasa itazame ile seti ya pili kwa jicho la fundi. Umeme unaofuatana kinyume hutengeneza sumaku inayozunguka kinyume. Kwa hiyo ndani ya mota iliyolishwa umeme uliopotoka mna sumaku mbili: kubwa inayoisukuma rota mbele, na ndogo inayoivuta nyuma. Ni sawa na kusukuma mkokoteni huku mwenzako mmoja anauvuta upande wa pili. Unakwenda, lakini jasho linalokutoka si la mzigo uliopakiwa. Na hiyo sumaku ndogo ina madhara makubwa kuliko umbo lake. Rota inazunguka karibu mizunguko 1,500 kwa dakika kwenda mbele, sumaku hiyo inapita mizunguko 1,500 kwenda nyuma, hivyo fito za rota zinapitiwa kwa kasi ya karibu 3,000. Umeme unaozaliwa ndani ya fito hizo unakuwa wa karibu hezi 100 na unabanana kwenye ngozi ya fito, ukizipasha moto vibaya. Kwa sumaku ya kinyume, mota ni kama inawashwa upya kila sekunde, inavuta ampea za kuanzia. Kama mota yako huvuta mara sita wakati wa kuwaka, basi asilimia 5 tu ya volti ya kinyume inaleta ampea za kinyume zipatazo asilimia 30.

Juni 28, 1918, vita kuu ya kwanza ikiwa bado inapiganwa Ulaya, Fortescue aliwasilisha karatasi yake kwenye mkutano wa mwaka wa Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ya Marekani uliofanyika Atlantic City. Ilipochapishwa ilichukua kurasa zaidi ya 100. Nimeisoma, kwa shida, na ninayoweza kusema ni kwamba hata asiye na hesabu anaona mwandishi anaanzia wapi: mota, umeme usio sawa, na swali la nini kinatokea ndani.

Kutokana na hesabu hiyo zimezaliwa kanuni ambazo mwenye mashine yeyote anaweza kuzitumia akiwa na mita ya volti. NEMA, chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha Marekani, kinaelekeza hivi: pima volti kati ya waya na waya, mara tatu. Tuseme umepata 410, 400 na 375. Wastani wake ni 395. Iliyo mbali zaidi na wastani ni 375, imepungua kwa 20. Gawa 20 kwa 395, unapata takriban asilimia 5. Kwa macho, volti hizo hazitishi. Taa zinawaka, redio inaimba. Lakini kanuni inayotumika ni kwamba ongezeko la joto la koili hukua kwa asilimia mbili mara mraba wa upotovu: 5 mara 5 ni 25, mara mbili ni 50. Koili iliyotakiwa kupanda nyuzi 80 juu ya hewa ya nje sasa inapanda 120. Mwaka 1930 V. M. Montsinger alichapisha utafiti wake kuhusu joto na maisha ya transfoma, na kutokana nao ikaenea kanuni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya insulesheni kwa nusu. Nyuzi 40 ni nusu ya nusu ya nusu ya nusu. Mota ya miaka 16 inakuwa ya mwaka mmoja. NEMA haishauri kabisa mota kuendeshwa upotovu ukizidi asilimia 5, na hata kwa upotovu mdogo kuliko huo inataka mzigo upunguzwe.

Jambo linalonisikitisha katika historia hii ni nani aliyefaidi kwanza. Hesabu ya Fortescue ilichukuliwa haraka na wenye njia kuu za umeme. C. F. Wagner na R. D. Evans, wenzake wa Westinghouse, waliiandikia kitabu kizima mwaka 1933. Edith Clarke wa General Electric, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza Marekani kuwa profesa wa uhandisi wa umeme, aliieneza kwa vizazi vya wanafunzi. Relei zinazonusa umeme wa kinyume zikafungwa kwenye majenereta makubwa. Mashine za mamilioni zikapata mlinzi mwenye akili. Mota ndogo, ambayo maswali yake ndiyo yaliyoanzisha yote, ikaachiwa vipande viwili vya metali.

Viwili, si vitatu. Hapa ndipo ulipo ubishi ambao fundi wangu wa Gerezani hawezi kuugusa bila kupandisha sauti, na baada ya kumsikiliza sasa nami nauona hivyo hivyo.

Kwa miongo mingi staata nyingi, yaani swichi za kuwashia mota, za njia tatu huko Marekani zilikuwa na ovalodi kwenye nyaya mbili tu. Waliozitetea walikuwa na hoja, tena ya kihesabu. Mota haina waya wa nyutro. Umeme unaoingia kwa waya mmoja lazima utokee kwa mingine. Waya wowote ukikatika, miwili iliyobaki inapanda, na kwa kuwa miwili kati ya mitatu inalindwa, lazima angalau mmoja wa iliyopanda uwe na mlinzi. Kwa waya uliokatika kati ya transfoma na mota, hoja hiyo haina kosa. Na kilichookolewa kilikuwa bei ya kipande kimoja kwa kila staata, kwa staata zisizohesabika.

Hoja hiyo ilisahau kwamba waya unaweza kukatika upande wa pili wa transfoma. Transfoma inapokuwa imefungwa pembetatu upande mmoja na nyota upande mwingine, na fyuzi moja ya upande wa juu ikaenda, nyaya za mota hazigawani mzigo kama hoja ya walinzi wawili ilivyotarajia. Waya mmoja unabeba mara mbili ya mingine: kwa mota iliyojaa mzigo, miwili inafika karibu asilimia 115 ya kawaida, wa tatu unafika asilimia 230. Endapo wa tatu ndio usio na ovalodi, walinzi wawili waliopo wanaona asilimia 115, kiasi ambacho wamewekwa wakivumilie. Wanakaa kimya. Koili inayobeba 230 inaungua mbele yao. Uwezekano wa waya mbaya kuangukia mahali pasipo mlinzi ni mmoja kati ya mitatu, na hakuna mfanyabiashara makini anayekubali bahati nasibu ya namna hiyo kwa mali yake.

Kanuni za umeme za Marekani zilijua hatari hiyo, kwa sababu ziliwahi kutaka ovalodi ya tatu kwa mota zilizowekwa mahali pa mbali au pasipo na mtu wa kuziangalia. Kwingine, mtu alitegemewa asikie mota ikikoroma akimbilie swichi. Wakati huohuo mota zilikuwa zinakondeshwa: vipimo vipya vya mwaka 1964 viliingiza nguvu ileile ya farasi kwenye gamba dogo zaidi, chuma kidogo, nafasi ndogo ya kuvumilia joto. Mota ya babu ingeweza kukoroma saa nzima na kupona. Ya mjukuu haiwezi. Hatimaye toleo la mwaka 1971 la kanuni hizo likataka ovalodi tatu kwa kila mota ya njia tatu. Kutoka karatasi ya Fortescue hadi hapo ni miaka 53.

Mambo haya yanatugusa moja kwa moja. Transfoma nyingi za vijijini kwetu zimefungwa pembetatu juu na nyota chini, ule mpangilio uliozua ubishi. Juu ya nguzo zina fyuzi tatu za kudondoka, zinazoning'inia zikishaungua. Ikidondoka moja, kijiji kinagawanyika: nyumba zilizounganishwa kwenye fezi moja zinaendelea kuwaka vizuri, zilizo kwenye fezi mbili nyingine zinabaki na nusu ya volti, balbu zikiwa nyekundu kama kaa la moto. Watoto wanaliona hilo kabla ya watu wazima. Lakini kwenye banda la mashine, foleni ya madebe ni ndefu na mota inazunguka, na anayeiendesha hawezi kujua kwamba ana dakika chache za kuiokoa. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, mashine nyingi zilizokuwa za dizeli zimehamia kwenye umeme. Injini ya dizeli ikiumwa, fundi wa kijiji anaifungua. Mota iliyoungua inapandishwa basi kwenda mjini, na kijiji kinarudi kutwanga au kutembea hadi kijiji cha pili.

Mashine kubwa hazifi hivyo. Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, Kenya. Transfoma ikajikata, mashine nyingine za kituo zikazidiwa na mzigo nazo zikajikata, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi ikaingia gizani. Magazeti yalicheka, na tumbili akanusurika. Kilichosahaulika ni kwamba relei zilifanya kazi yake: mashine zilijitoa zenyewe kabla ya kuharibika, umeme ukarudi. Natamani mashine ya kusaga ya kijijini nayo ilindwe hivyo.

Vifaa vipo. Miongo ya karibuni imeleta ovalodi za kielektroniki zinazojua fezi ikikosekana, vihisi vidogo vinavyosukwa ndani ya koili kupima joto lenyewe, na vidhibiti mwendo vinavyoangalia kila kitu. Kwa mashine ya kijijini hayo yote si lazima. Ovalodi za kawaida zinazouzwa Kariakoo leo zina vipande vitatu, na nyingi zina mkono wa ndani unaokata haraka kipande kimoja kikibaki baridi wakati viwili vina moto. Juu yake inaongezwa relei ya fezi, kisanduku kidogo chenye nyaya tatu kinachopima volti na kuizuia kontakta isishike kama fezi moja haipo, imeshuka sana, au mpangilio wake umegeuzwa. Fundi wa Gerezani anasema bei yake haifikii gharama ya kusuka mota moja ya mashine ya kusaga, na nimeamini baada ya kuuliza madukani.

Halafu ananionyesha staata zinazoletwa pamoja na mota zilizoungua. Moja ilikuwa na ovalodi nzuri, lakini kitufe chake cha kuwekea ampea kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho, ampea 25 kwa mota ya 15. Ilikuwa ikikatakata, mtu akachoka nayo. Ovalodi iliyokuwa inakatakata ilikuwa inasema kweli, na badala ya kusikilizwa ilinyamazishwa. Nyingine ilikuwa imerukwa kabisa kwa kipande cha waya. Na kwenye mabanda mengi hakuna staata hata hiyo, kuna swichi ya mkono tu na fyuzi zilizotengenezwa kwa waya uliochunwa.

Wamiliki hao si wajinga. Hakuna aliyewaambia. Fomu za kuomba umeme na mafunzo vyote vinashughulika na mita, malipo na usalama wa mtu asipigwe shoti, mambo ya lazima kabisa, na mota inaachwa ijitetee. Wanaosambaza umeme nao wana deni hapa: nyumba zikirundikwa kwenye fezi moja na wachomeleaji wote wa mtaa wakaangukia hiyohiyo, volti 410, 400 na 375 hazitokani na bahati mbaya, ni kazi ya mtu aliyepanda nguzo bila kupima. Kusawazisha fezi za transfoma moja kunahitaji kupima ampea za kila njia saa za jioni na kuhamisha baadhi ya nyumba. Kuwekwe ratiba ya kufanya hivyo, nayo ibandikwe ofisi ya kijiji. Na mkaguzi anayekuja kupima ethi kabla ya mashine kuunganishwa anaweza, kwa safari hiyohiyo, kusoma kibao cha mota, kulinganisha ampea zake na namba iliyowekwa kwenye ovalodi, kuhesabu kama vipande ni vitatu, na kukataa kusaini kama relei ya fezi haipo.